Programu Inapoamua Mkopo

Katika masoko ya Keroka na Daraja Mbili, mchuuzi wa ndizi anayeomba mkopo kwa simu hupata jibu kabla hajamaliza kupanga mikungu, kwa kuwa ombi lake halisomwi na afisa wa benki, bali na programu inayojiamulia, yaani mfumo wa kompyuta unaopima kumbukumbu za simu na malipo ya mtu, kisha ukakadiria kama atalipa. Utaratibu huu ulishika kasi nchini Kenya tangu M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilipozinduliwa Novemba 2012. Wepesi huo ni faida kubwa, lakini programu haifiki shambani, wala haisikilizi maelezo ya mkulima wa chai wa Nyamira anayengojea bonasi.

Kwa hiyo inafaa sana kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kijulikane vijijini: uamuzi mzito ukitolewa na mashine pekee, mhusika hupaswa kujulishwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Akipuuzwa, anaweza kumlalamikia Kamishna wa Data, hata kwa mdomo, na malalamiko yake yataandikwa.