Biblia Mkononi mwa Mkulima

Mwaka 1409, mpenzi msikilizaji, maaskofu wa Uingereza wakiongozwa na Thomas Arundel walipiga marufuku kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza bila idhini ya Kanisa. Hofu yao haikuwa ya bure kabisa: asomaye bila mwalimu aweza kushika aya moja na kuiacha ile inayoifafanua. William Tyndale hakukubali. Agano Jipya alilolitafsiri lilichapwa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, likaingizwa kwao kwa magendo. Mwaka 1536 alinyongwa karibu na Brussels, na mwili wake ukachomwa moto.

La ajabu ni lililofuata. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII, aliyekwisha kujitenga na Papa, alitoa Biblia ya Kiingereza, na sehemu yake kubwa ilikuwa kazi ya Tyndale huyo huyo! Watu wakaisoma, wakaibishania hata katika vilabu vya pombe. Basi mwaka 1543 sheria ikawakataza mafundi, watumishi, wakulima, vibarua na wanawake wa kawaida kuisoma. Bibi wa ukoo bora aliruhusiwa, ila ajisomee peke yake, asimsomee mwingine. Mamlaka yalikuwa yametoka kwa Papa yakaishia kwa mfalme, mkulima hayakumfikia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1547, Henry alipokwisha kufa.