Haki Yako Hukupewa na Serikali

Ndugu zangu vijana, kila siku mnaniuliza: "Nikiikosoa serikali Facebook, si nitashikwa?"

Sikizeni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 19, inasema haki ni za kila mtu, hazikutolewa na Serikali. Asiyekupa kitu atakunyang'anyaje?

Kuna kijana alishtakiwa kwa ujumbe wa Facebook, chini ya Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Hakunyamaza. Alienda Mahakama Kuu, na Aprili 2016 kifungu kile kikafutwa. Kilikuwa kipana mno, hata mtu hajui kosa ni lipi. Mmoja alisimama, tukapona wengi.

Lakini tusijidanganye. Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Na yule ambaye maneno yake yanakukera, naye ana haki kama yako. Mjibu kwa hoja, si kwa matusi.

Na ukishikwa? Uliza sababu. Una haki ya kunyamaza. Itisha wakili. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au korti ikiwa imefungwa, siku ya kwanza inapofunguliwa.

Haki usiyoijua ni rahisi kuibiwa. Mfundishe na mwenzako.