Mkono Unaochuma Nao Upate Kula

(Hotuba kwa wanachama wa chama cha wafanyakazi waliokutana Githongo, Meru)



Wako wanachama waliotuuliza kwa nini leo tunataka kusema habari za kilimo na chakula. Wasema kwamba kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na likizo. Mambo ya mbolea na mbegu ni ya Wizara na ya wakulima. Swali hili ni la haki, na yafaa tulijibu kwanza.

Mshahara hauliwi. Tunaupeleka dukani, nasi tunarudi na unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Tarehe 1 Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kiliongezwa kwa asilimia 6. Ikiwa bei ya unga imepanda kupita hapo, basi nyongeza ile imemfikia mwenye duka kabla haijalala nyumbani kwetu hata usiku mmoja. Tena, kwa agizo hilo hilo la 2024, kima cha mfanyakazi wa shamba asiye na ufundi kilikuwa karibu nusu tu ya kile cha kibarua wa Nairobi, kana kwamba kila anayefanya kazi shambani ana shamba lake la kumlisha. Sisi twajua kwamba wengi wetu hatuna. Kwa hiyo mpango wowote wa Serikali juu ya chakula ni jambo la mshahara, na chama kisipousema kitakuwa kimeiacha nusu ya kazi yake.

Sasa tutazame tulikotoka, maana mambo ya leo yana mizizi.

Hapa Githongo tunakaa kati ya chai iliyo upande wa msitu na kahawa iliyo upande wa chini. Mimea hii miwili haikuja yenyewe. Ililetwa na mipango ya Serikali. Katika miaka ya 1930 Serikali ya koloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa kiasi kidogo, wakati ambapo wenzetu waliokuwa karibu na mashamba ya walowezi walikuwa wakikatazwa. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukaja mpango wa Bwana Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Vipande vya ardhi vikakusanywa pamoja, mipaka ikapimwa, hati zikaandikwa, na mwenye hati akaruhusiwa kupanda mimea ya kuuza. Mwaka 1960 likaundwa shirika la mimea maalum, na mwaka 1964, baada ya Uhuru, likafuatwa na KTDA, yaani shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Tangu 2000 KTDA imekuwa kampuni ya wakulima wenyewe.

Hatutaki kuwa watu wasioshukuru. Mipango hii ilileta mema. Watoto wengi wa Meru wamesomeshwa na kahawa na chai, na nyumba nyingi zimeezekwa mabati kwa fedha hizo. Lakini kuna neno katika mpango ule wa 1954 ambalo kila mfanyakazi yampasa alijue. Mpango wenyewe ulisema wazi kwamba wenye uwezo watapata ardhi zaidi, na maskini watapata kidogo au watakosa kabisa. Na ukasema kwamba jambo hilo ni hatua ya kawaida ya nchi inayoendelea.

Ndugu, wale waliotazamiwa kukosa ardhi ndio baba na mama za wengi wetu tulio hapa. Hatukufika kwenye kibarua kwa uvivu. Nafasi yetu iliandikwa katika karatasi kabla hatujazaliwa. Na tangu siku hizo karibu kila mpango wa kilimo umeandika jina la mwenye shamba, na umesahau kuandika jina la mwenye mkono unaochuma.

Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kahawa. Kwa miaka mingi nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilikuwa na mapatano ya kahawa yaliyoanza 1962. Kila nchi iliyolima ilipewa kiasi chake cha kuuza, na bei ikashikwa isianguke sana. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza miti ya Brazil, bei ikapanda, na wazee wetu bado wanakumbuka fedha za 1976 na 1977. Lakini Julai 1989 mpango ule wa viasi ulivunjika, na bei ikaporomoka. Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilitoa karibu tani 130,000, katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa kama tani 50,000, na pengine pungufu. Watu husema kwamba mkulima wa kahawa alianguka. Ni kweli. Lakini nani alimhesabu mchumaji aliyekuwa akilipwa kwa debe? Miti ikiachwa bila kupogolewa na bila dawa, madebe hupungua, na hapo mchumaji hapati fidia wala salamu. Mkulima aliachiwa shamba angalau apande ndizi. Mchumaji aliachiwa kikapu kitupu.

Mfano wa pili ni mbolea. Mwaka 2022 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi shilingi 2,500. Hili lilikuwa jambo jema, nasi hatulipingi. Lakini ili kuipata mtu alihitaji kuandikishwa kuwa mkulima. Mama anayepalilia shamba la jirani kwa kutwa, ambaye ardhi yake yote ni kiwanja cha nyumba, aliusikia msaada ule katika redio tu. Halafu mwaka 2024 ikaonekana kwamba mifuko mingine iliyopita katika mpango huo haikuwa mbolea ya kweli. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima waliodanganywa. Ahadi hiyo ilikuwa ya haki. Lakini shamba lililowekwa mbolea ya uongo halina mavuno, na pasipo mavuno hakuna kazi ya kuvuna. Hasara ya kibarua haikuandikwa katika ahadi yoyote.

Mfano wa tatu ni viazi. Meru ni mojawapo ya sehemu za Kenya zinazolima viazi kwa wingi. Kanuni za 2019 zilisema kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kabla ya hapo, na mpaka leo mahali pengi, wanunuzi huleta magunia yaliyoshonewa kilemba juu, yakabeba zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na bei ikabaki ya gunia moja. Wengi huitazama kanuni hii kuwa ya kumlinda mkulima asiibiwe. Ni kweli, lakini tazameni pia mgongo unaolipandisha gunia lile katika lori. Kilemba kinachomwibia mkulima ndicho kinachomvunja mpakiaji kiuno. Hapa haki ya mkulima na haki ya mfanyakazi zimeshonwa katika gunia moja, na kama pande zote mbili zingekataa siku moja, gunia lile lisingetoka sokoni.

Sasa twende kwenye jambo lililo gumu zaidi, ambalo wengine wangependa tulipite kimya. Ni habari ya chai.

Mchumaji huamka mapema, huchuma majani mawili na chipukizi, hubeba kikapu mpaka kituo cha kununulia majani, na karani hupima. Majani mabichi kama kilo 4 mpaka 5 hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hupelekwa mnada wa Mombasa na kuuzwa kwa dola. Mkulima hupata malipo ya kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kufungwa mwezi wa Juni. Bonasi ikiwa nzuri, mkulima hufurahi. Ikiwa mbaya, hulalamika, na magazeti huandika. Lakini mchumaji hulipwa kwa kilo alizochuma, na bonasi haimjui. Mwaka mzuri kilo yake ni ile ile. Mwaka mbaya ndiye wa kwanza kuambiwa, "Ngoja kidogo."

Tunawajua akina mama waliochuma mwezi hata mwezi wakaambiwa wangoje bonasi. Mtoto hangoji bonasi. Na sheria nayo haingoji. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, yasema kwamba mtu anayelipwa kwa kadiri ya kazi aliyoifanya alipwe mwisho wa kila mwezi kwa kazi ya mwezi huo, au kazi inapokwisha ikiwa imekwisha mapema. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku, bali awe mfanyakazi wa mwezi. Haya ni maneno ya Jamhuri ya Kenya. Yashikeni vichwani.

Hata hivyo tusimfanye mkulima mdogo kuwa adui. Mwenye nusu eka ya chai pale Abothuguchi hapangi bei ya Mombasa, wala hapangi bei ya mbolea. Na tuseme kweli: wengi katika mkutano huu ni watu wa pande mbili. Mtu yuko kiwandani zamu ya usiku, ana michai yake michache nyumbani, na mkewe anachuma kwa jirani. Mtu huyu akidai bonasi kubwa kwa mkono wa kulia, akamnyima mchumaji wake kwa mkono wa kushoto, anajidai mwenyewe. Ugomvi wetu ni na mpango unaowafanya maskini wawili wagawane upungufu, wakati fedha zenyewe zimekwisha gawanywa mbali na hapa.

Basi tufanye nini? Tunatoa mashauri manne.

Kwanza, kila mchumaji awe na kijitabu. Aandike tarehe, kilo au madebe, na jina la shamba. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake. Penye ugomvi wa malipo, kijitabu husema kuliko machozi. Na kikapu kipimwe mbele ya macho ya mwenye kuchuma.

Pili, twende kwenye mikutano ya kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabaraza ya kaunti kazi ya kilimo, na Serikali ya taifa ikabaki na siasa ya kilimo kwa jumla. Katiba hiyo hiyo inataka wananchi wasikilizwe katika mambo ya bajeti. Mikutano hiyo huitwa, na mara nyingi wanaokwenda ni wenye mashamba makubwa na wenye maduka ya dawa za mimea. Sisi tuna haki ile ile. Tuulize: katika fedha za kilimo, ni kiasi gani kimewekwa kwa watu wasio na hati ya ardhi? Tukumbushe pia kwamba serikali za Afrika ziliahidi huko Maputo, mwaka 2003, kutoa angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na kwa miaka mingi Kenya imekuwa chini ya kiasi hicho. Na kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Hakikusema kila mwenye shamba. Kilisema kila mtu.

Tatu, wanachama walio pia wanachama wa ushirika wa kahawa au wenye hisa katika kiwanda cha chai wasikae kimya katika mikutano ya mwaka. Wasimame waseme kwamba malipo ya wachumaji yahesabiwe kuwa gharama ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya posho za vikao. Na wanaouza viazi wasikubali kilemba.

Nne, tusisahau chakula chenyewe. Wazee wa Meru walipanda viazi vikuu vikapanda juu ya miti, na nduma penye maji, na ndizi, na maharagwe. Hawakuwa wajinga. Chai na kahawa haziliwi. Mtu aliyepanda chai mpaka mlangoni hununua hata ndizi. Mwenye kipande, hata kidogo, aache sehemu ya chungu. Asiye na kipande, chama kimsaidie kuomba nafasi ya kulima kwa mwajiri, kama zilivyoombwa nyumba na maji.

Ndugu wafanyakazi, kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa Kenya. Sisi tunaobeba vikapu tunajua mgongo ni wa nani. Mipango itaandikwa tena mwakani, na mwaka wa kufuata. Tukiwa kimya, itaandikwa kama ile ya 1954, na jina letu halitakuwamo. Nendeni mkawaambie haya wenzenu ambao hawakufika leo, hasa akina mama wa upande wa msitu. Na kijitabu kianze kesho asubuhi.

Umoja ni nguvu.