Umeme ulienda saa ngapi? Maneno yetu kwa vijana wa Kanyaruchinya



Umeme ukikatika, kila mtu analalamika kwake. Mwenye mashini ya kusaga anafunga. Mwenye kucharji simu za watu anazirudisha zikiwa zimezimika. Mwenye frigo ya samaki anahesabu hasara. Halafu tunaenda kudai, wanatuuliza: siku gani, saa ngapi, mara ngapi? Tunajibu: "Kila siku!" Hapo tumeshindwa, sababu hakuna mtu anaweza kuhakikisha "kila siku".

Namba kubwa tunazisikia. Matebe, kule Rutshuru, ilifunguliwa 2015, iko na megawati karibu 13. Kituo cha jua cha Nuru kule Ndosho, 2020, megawati 1,3. Na tangu sheria ya 17 Juni 2014, SNEL haiko peke yake tena kwa kuuza umeme. Ni vizuri. Lakini megawati inasema mashini inaweza kutoa nini. Haisemi nini ilifika kwa nyumba yako jana usiku. Hiyo namba ya pili ndiyo hatuna, na tunaweza kuitengeneza sisi wenyewe.

Haiombi masomo ya miaka. Unaandika faili ya CSV, ni maandishi ya kawaida tu: kila mara umeme ukienda, mstari moja. Tarehe, avenyu, saa ulienda, saa ulirudi. Halafu ukurasa wa HTML, ambao ndani yake kuko tablo. JavaScript kidogo inasoma ile faili na kujaza tablo. CSS inatia rangi. Faili mbili, na simu ya bei ya chini inaufungua hata na megabaiti kidogo. Musikimbilie picha kubwa na ramani zinazozunguka; zinakula krediti ya watu.

Kwa saa, tuelewane. Wengine wetu wanahesabu kwa kiswahili, wengine kwa kifaransa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Basi tuandike 19:10, na juu ya ukurasa tuandike "saa ya Goma". Tena sisi tunaandika 1,5 na koma, lakini CSV nyingi zinatenganisha na koma: ile 1,5 itakuwa namba mbili. Tutenganishe na nukta-koma, yaani alama hii ;, imekwisha.

Shida kubwa zaidi ni siku yenye hakuna mtu aliandika. Labda mwandishi aligonjwa, labda alikimbia na familia yake, munajua vile tunaishi. Mukiweka sifuri, grafu itaonyesha siku ile umeme haukukatika hata mara moja. Tutakuwa tumemuandikia muuzaji cheti kizuri na mikono yetu! Acheni nafasi wazi, muipake rangi ya kijivu, muandike "haikupimwa". Na mstari wa grafu usiruke juu ya siku hizo kama vile tunajua kilichotokea. Ukurasa wenye mashimo mengi ya kijivu unaleta haya kidogo, ndiyo, lakini mtu wa kampuni akikuta mstari moja wa uongo, atatupa tablo yote.

Nairobi, Kenya Power inatangaza mbele ni mitaa gani itakatiwa, siku gani, toka saa ngapi mpaka saa ngapi. Sisi tutaandika kilichotokea kweli. Siku na sisi tutapata tangazo kama lile, tutaweka hizo mbili kando kwa kando.

Jambo la mwisho, na hapo hatuchezi. Katika inchi yetu, nani analala wapi si habari ya kuweka kwa intaneti. Avenyu inatosha. Hakuna jina, hakuna namba ya nyumba, hakuna namba ya cash power, hakuna picha ya risiti. Majina ya waandishi yanabaki kwa daftari, na daftari haliingie kwa simu.

Tunatafuta watu wawili kwa kila avenyu, ili moja akisafiri mwingine aandike. Daftari liko pale kwa meza, na mwenye kompyuta abaki: tunaandika ile tablo ya kwanza sasa hivi, mbele betri haijaisha.