Maji Yasiyotakasa: Hotuba juu ya Michezo Miwili ya Huzuni



Tumeombwa kusema habari za Macbeth, mchezo wa huzuni wa Shakespeare, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Kisa chake chajulikana: jemadari amwua mfalme aliye mgeni wake, apate kiti. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni karamu. Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, aja kuketi mahali pa mwenyeji, wala hapana mgeni mwingine amwonaye. Mzuka huo hausemi neno. Ni hatia ya mtu mmoja, yamtokea yeye peke yake. Na mkewe, aliyedhani usiku wa mauaji kwamba maji kidogo yatosha kuondoa damu, mwishowe atembea usingizini akisugua mikono isiyotakata.

Sisi tukaao Songea twawezaje kusoma habari za maji hayo tusikumbuke maji mengine? Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake, Kinjeketile. Humo mzimu ni Hongo, naye hamwandami mwuaji. Amchukua mtu mwema, amtia mtoni na kumtoa mkavu, analo neno la maji yatakayounganisha makabila na kuzuia risasi. Watu wote wasadiki. Mwenyewe ndiye aanzaye kuingiwa na shaka, aambiwapo kuwa alitamka kwamba watakuwa watu wa Seyyid Said wa Unguja. Hakuua mtu kwa mkono wake. Lakini neno limekwisha kumshinda nguvu, na bunduki za Wajerumani zawamaliza watu Mahenge.

Kwa maoni yetu mzigo huu ni mzito kuliko wa Macbeth, maana hapana kosa la kuungama. Gerezani atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda, rafiki yake, amsihi akubali. Akataa, kwa kuwa wajukuu wangeambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. (Kinjikitile wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa Agosti 1905, vita ikianza tu. Mtungaji amemwacha aishi, ayaone matunda ya neno lake.)

Wako kati yetu wasemao alipaswa kukiri. Sisi twasita, kwa kuwa wajukuu hao ndio sisi. Tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya sitini walinyongwa hapa mjini. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na kichwa chake chasemwa kuwa kilichukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapa Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Banquo naye, kabla ya kuonekana karamuni, alikuwa ameachwa handakini bila kuzikwa, ana majeraha ishirini kichwani.