Stesheni ya Mbali Ndani ya Redio ya Zamani

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

 

Tuliombwa tuzungumze juu ya redio za intaneti kwa sababu vikundi vitatu vimetuuliza swali moja: je, tutoe pesa ya kikundi tukanunue risiva ya intaneti, ile redio kubwa ya nyumbani inayoshika stesheni za kila mahali? Jibu letu ni hapana, msinunue. Lakini mkitaka kusikia stesheni ya mbali, njia ipo, na huenda vifaa vyake viko kwenu nyumbani tayari, vimefunikwa kitambaa.

Tuwaeleze jambo hili lilikoanzia. Kule Shimba Hills, Kaunti ya Kwale, kuna familia nyingi ambazo wazee wao walihamia kutoka Ukambani. Tunatembelea kikundi cha akina mama huko. Mama mmoja mjane, mwenye miaka sabini na kitu, alifiwa na dada yake huko Makueni. Familia ilitangaza kifo kwenye redio ndogo ya kule nyumbani, siku tatu mfululizo, kama ilivyo desturi. Simu walipiga pia, lakini namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya kijana wake, naye alikuwa amebadilisha laini. Kila mmoja akadhani mwenzake amempata. Mama alikuja kuambiwa na abiria mmoja wa kutoka kwao, wiki mbili baada ya mazishi. Hakulaumu mtu. Alichouliza kwenye mkutano wa kikundi ni hiki: kama dada yangu alitangazwa redioni, na mimi redio ninayo, mbona sikusikia?

Ni swali zuri. Mawimbi ya FM huenda karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Mlima ukiyakinga, yanaishia hapo, na hata mahali tambarare hayafiki mbali sana. Redio za jamii nazo hutangaza kwa nguvu ndogo, kwa sababu zimewekwa kwa ajili ya watu wa pale pale. Redio Mang'elete ya Nthongoni, huko Makueni, ilianzishwa na vikundi vya akina mama kama nyinyi, ikaanza kutangaza mwaka 2004. Redio za namna hiyo ni za jirani. Mtu akihamia pwani, amezihama nazo.

Wazee hapa watasema, lakini sisi tulisikiliza London tukiwa hapa hapa! Kweli. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, na mawimbi ya masafa mafupi yaliweza kugonga angani yakarudi chini mbali sana. Mlizungusha kitufe, mkangoja kelele zitulie, mkapata. Na hamkulipa chochote isipokuwa betri. Intaneti si hivyo. Stesheni hupeleka sauti yake kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo humpa kila msikilizaji nakala yake kupitia mtandao wa simu. Umbali si kitu tena, Makueni na Marekani ni sawa. Ila kila dakika mnayosikiliza inakula data, na data ni pesa. Tena si kila stesheni ndogo imejiweka kwenye intaneti. Kabla ya kununua hata waya, pigieni stesheni yenyewe simu muulize.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Kikundi cha Shimba Hills kiliposikia habari za risiva ya intaneti, kilitutaka ushauri. Sisi tukasema ni vyema. Akina mama waliuza kuku na mihogo, wakaweka pesa miezi saba, tukaenda nao mjini tukanunua risiva iliyotumika, kubwa, nzito, yenye taa za buluu. Tukaifikisha. Tukaiunganisha na mtandao. Ikaonyesha kwamba mtandao imepata, na orodha ya stesheni ikakataa kufunguka. Jioni ile, kesho yake, wiki ile yote. Muuzaji alituambia mashine ni nzima. Cha kuudhi ni kwamba alisema kweli.

Jambo tusilolijua ni hili. Risiva za namna hiyo hazizijui stesheni zenyewe. Ukibonyeza, inauliza orodha inayotunzwa na kampuni fulani mahali fulani ulimwenguni: stesheni hii iko wapi? Kampuni ikifunga orodha, au ikiidai pesa, risiva yako inakuwa kiziwi hata kama haina hitilafu. Mambo haya yametokea si mara moja. Orodha moja kubwa iliyoitwa Reciva ilifungwa mwaka 2021, na redio za intaneti za aina nyingi zilizoitegemea zikabaki bila kazi. Mwaka 2023 BBC iliacha kupeleka vipindi vyake kwa njia moja ya zamani, na watu wa Uingereza kwenyewe wakaona baadhi ya redio zao za intaneti hazipati tena stesheni walizozizoea. Ikiwa hao walipata shida, sisi wa kununua mtumba tungepona wapi?

Tuliwaomba akina mama msamaha mbele ya mkutano. Haikuwa rahisi, na wawili hawakutusalimia kwa muda.

Aliyetuokoa ni fundi wa redio wa pale sokoni, kijana ambaye kibanda chake hakizidi meza mbili. Hakuhangaika na orodha. Aliigeuza risiva, akatazama mgongo wake, akatoa waya mmoja kwenye droo, akachomeka simu yake. Sauti ikajaa kibandani. Yaani simu ndiyo inayoishika stesheni kwenye intaneti, na risiva inafanya kazi yake ya zamani tu ya kuikuza sauti. Na kazi hiyo hata amplifaya ya mwaka 1985 inaiweza.

Kwa hiyo geuzeni redio zenu. Nyuma mtaona matundu ya duara yaliyo mawili mawili, jekundu na jeupe, na pengine jeusi mahali pa jeupe. Juu yake pameandikwa AUX, CD, TAPE au kitu kama hicho. Hayo yote yanafaa. Kwa TAPE, tumieni tundu la kuingiza sauti, si la kutoa. Palipoandikwa PHONO msiweke: hapo ni pa ile mashine ya sahani za santuri, ambayo sauti yake ni hafifu mno, hivyo redio huikuza kupita kiasi. Mkichomeka simu hapo mtasikia mikwaruzo tu. Waya unaohitajika una pini moja ndogo upande wa simu, na vichwa viwili upande wa redio, chekundu kwa chekundu. Duka la vifaa vya simu wanauza. Na tafadhali, matundu ya nyuma yanayokwenda kwenye spika msiyaguse kabisa kwa waya huu, mtaiunguza simu.

Simu nyingine za siku hizi hazina tundu la pini. Hapo mtahitaji kipande cha kuunganisha kinachoingia mahali pa chaji, au kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye redio. Woofer mpya nyingi zina Bluetooth ndani tayari. Sisi tunapenda waya, kwa sababu ukikatika unaonekana umekatika.

Anzeni na redio ikiwa chini, simu ikiwa karibu na juu, halafu pandisheni redio polepole. Mkisikia mvumo kama wa nyuki, chomoeni chaja ya simu kwanza kabla ya kumwita fundi. Mara nyingi ni hiyo. Sauti ikikatika kila kioo cha simu kinapozimika, simu inajaribu kuokoa betri: ingieni kwenye mipangilio ya betri mwiruhusu programu hiyo iendelee. Na msirekebishe saa kwa redio ya intaneti. Sauti huchelewa njiani, sekunde kadhaa, wakati mwingine hata nusu dakika. Mzee mmoja aligombana na saa yake wiki nzima.

Haya, data. Hapa waweka hazina waandike. Stesheni nyingi hupeleka sauti kwa kiasi cha kilobiti 64 au 128 kwa sekunde. Ile ya 64 inakula karibu MB 29 kwa saa, ya 128 karibu MB 58. Kwa matangazo na mazungumzo, 64 inatosha kabisa. Stesheni ikiwapa kuchagua, chagueni ndogo. Kikundi kikisikiliza saa moja kila jioni kwa mwezi, hiyo ni karibu MB 870 kwa ile ndogo na MB 1,740 kwa kubwa. Mtu akisahau akalala ikilia kwa 128 tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ameteketeza zaidi ya MB 500 na hakuna aliyesikia. Wala msisikilize stesheni kupitia video yake. Picha zinakula mara nyingi zaidi. Mnunuapo data tazameni muda wake pia. Ile ya siku moja huisha muda wake hata kama hamjaimaliza.

Swali gumu zaidi si la waya. Ni simu ya nani? Kule Shimba Hills walianza na simu ya katibu. Siku ya pili akapigiwa akiwa jikoni, na mlio ukapasua spika mbele ya watu thelathini, halafu mwingine akaipokea, na mambo ya nyumbani kwa katibu yakasikika hadi barabarani. Tangu hapo wanatumia simu ya zamani iliyopasuka kioo, isiyo na laini, ambayo mmoja alikuwa ameitupa kabatini. Inapata mtandao kutoka kwa simu nyingine kwa waifai. Hakuna anayeipigia. Data inanunuliwa kwa mfuko wa kikundi, imeandikwa kwenye kitabu, na mweka hazina ndiye anayeizima.

Walipunguza pia. Saa moja ilikuwa nyingi, kwa hiyo wanasikiliza nusu saa, wakati wa matangazo ya vifo na habari za kule, basi. Ni karibu MB 435 kwa mwezi. Yule mama huja mapema kuliko wote, hukaa karibu na spika ya kushoto kwa sababu sikio lake la kulia limechoka. Mwezi uliopita alisikia jina la binamu yake, akapata basi la usiku, akafika kabla ya kaburi kufunikwa.

Tumekuja na nyaya mbili na amplifaya moja ya kuazima. Mwenye redio yake hapa ailete mbele, tuigeuze pamoja tuone mgongo wake una nini.