Njiwa wa Mauritius na Somo la Lindo

Mnamo mwaka 1990 njiwa wa rangi ya waridi, ambaye makao yake duniani ni Mauritius pekee, alikuwa amebakia kiasi cha ndege 10 tu mwituni. Misitu ilikuwa imefyekwa. Panya, paka, kima na nguchiro walioletwa na binadamu waliangamiza mayai na makinda.

Kisiwa hicho kilikwisha kumpoteza dodo, jamaa ya njiwa, katika karne ya 17. Safari hii Serikali na wahifadhi waliwazalisha njiwa vizuizini, wakawarejesha msituni na kuwatega maadui zao. Leo wamepita 400, lakini hatari haijaisha. Kila askari anaelewa sababu: mlinzi akiacha lindo, adui hurejea.